Simbilisi wa Mama Mwalimu

Mjukuu wangu ana tabia ya kupanga kabati za watu bila kuombwa. Juzi alichomoa kipande cha kanga kilichochakaa, kina madoa ya kahawia pindo hadi pindo, akakishika kwa vidole viwili na kuniuliza kama akifanye kitambaa cha kudekia. Nilimnyang'anya kwa ukali mpaka akashtuka. Nikamwambia hayo si madoa ya uchafu, ni madoa ya bibo, na anayelijua tunda la mkorosho anajua kwamba maji yake yakishaingia kwenye nguo hayatoki kwa sabuni, kwa jua, wala kwa dua. Kisha nikakinusa, ingawa harufu iliondoka zamani sana, nikaanza kutabasamu peke yangu pale chumbani.

Sisi wa rika hili tukikaa pamoja kila mtu huleta habari zake za kuhamishwa, za foleni, za sukari kukosekana. Nami ninazo, sijapungukiwa. Lakini leo naomba mniache nijisifu. Maishani nimefanya mambo mengi ya kawaida na jambo moja kubwa, na hilo kubwa nililifanya nikiwa bado natembea bila viatu. Nilimlisha kwa mkono mnyama aliyekataa kula, wakati kila mtu mwenye akili timamu alikuwa ameshamkatia tamaa, na hakufa.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Tulikuwa tumetolewa kwenye makazi yetu ya ukoo, yaliyotawanyika ndani ya mikorosho, tukapangwa kwa mistari juu ya uwanda, upande ule wa Newala ambako ukisimama ukingoni unaliona bonde lote la Ruvuma chini yako na Msumbiji ng'ambo. Nyumba zilitazamana kama watu waliogombana. Huko ng'ambo kulikuwa na vita, na siku nyingine tulisikia vishindo vyake tukiwa tunatwanga makopa ya muhogo. Nyuma ya ofisi ya kijiji lilichimbwa handaki refu, nasi watoto tulifundishwa kuliingia kabla hatujafundishwa kugawanya kwa tarakimu mbili.

Mwisho wa mstari wetu alikaa Mwalimu, kijana wa Njombe, na mkewe. Mke huyo alikuwa mwembamba, mpole, anayelalamikia joto kila saa. Alipowaamkia wakubwa alipiga goti kidogo, jambo lililowafurahisha bibi zetu mno. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na yeye mtoto hakuwa naye, basi watu wakamwazima cheo cha mumewe wakamwita Mama Mwalimu. Mimba za nyuma zilikuwa zimeharibika. Sisi watoto tulilijua hilo, kwa sababu hakuna siri inayoshindwa kupita kwenye nyumba zilizopangwa mstari.

Alikuja na kikapu chenye kifuniko, na ndani yake simbilisi kadhaa. Kwa asiyemjua, simbilisi ni mdogo kuliko sungura, mnene, hana mkia, na ana uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Kwao Njombe ni mfugo wa jikoni, anazunguka mafiga akingoja maganda. Kwetu hakuna aliyewahi kumtia machoni. Watu walijazana uani kwa Mwalimu kuangalia, na swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa analiwaje.

Halikuwa swali la ujinga. Juu kule hatuna mto wala ziwa, na kitoweo kilichotufikia bila kupanda lori kilikuwa panya wa porini, yule safi mla mizizi, ambaye kwetu tunamwita samaki nchanga. Anategwa, anatumbuliwa, anabanikwa kwenye kijiti mpaka anakauka, na anayemcheka hajamwonja. Mama yangu hakumla kwa ajili ya dini. Kaka yake, Mjomba Issa, alimla kwa niaba ya ukoo mzima. Hakukuwa na mtegaji kumshinda Mjomba, na siku ile alimzunguka simbilisi mkubwa kuliko wote, mwenye baka jeupe begani, akamtazama kwa heshima ya kweli.

"Huyu ni samaki nchanga aliyepewa posho na serikali," alisema, watu wakacheka mpaka Mwalimu mwenyewe akacheka.

Mimi nilimuuliza Mama Mwalimu jina la huyo mwenye baka. Akasema anaitwa Ndugu, kwa kuwa siku hizi kila mtu ni ndugu. Tangu hapo nikawa mtu wa nyumba ile. Nilimkatia Ndugu majani, nikajua sauti yake ya njaa, filimbi kali ambayo hungeamini inatoka kwenye tumbo dogo vile. Wenzake hawakudumu. Mmoja alikamatwa na mbwa. Wawili walikauka tu na joto. Mwingine alipotea, na siku hiyo jiko la Mjomba lilitoa harufu nzuri kupita kawaida, na kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu hakuna aliyeuliza. Akabaki Ndugu peke yake.

Kisha Mama Mwalimu akawa mzito tena. Safari hii waliamua asingoje, akakae karibu na hospitali ya Ndanda mpaka siku yake ifike, na kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa Mwalimu akafuatana naye. Asubuhi ya kuondoka alinikabidhi kikapu pale basi la Masasi linaposimama. Tumbo lilikuwa mbele, macho mekundu.

"Somoe," aliniambia, "huyu na mimi tumetoka nyumbani pamoja, na tutarudi pamoja. Akiwa mzima yeye, na mimi ni mzima. Niwekee."

Mtu mzima angesikia hapo maneno ya mwanamke mwenye hofu anayejitia moyo. Mimi nilikuwa mtoto, nikamwelewa kama alivyosema. Nilielewa kwamba uhai wake umefungwa pamoja na uhai wa huyu mnyama, kwamba ndivyo walivyo watu wa Njombe, na kwamba ameuacha mikononi mwangu. Sikumwambia mtu. Nilirudi nyumbani nimekumbatia kikapu, naogopa hata kujikwaa.

Mwanzoni Ndugu alikula. Mama Mwalimu aliacha gunia la majani mabichi, lakini kiangazi kilikuwa kimeshika kweli, majani yakakauka, kisha yakaisha. Uwanda wote ulikuwa wa rangi ya vumbi. Nilichoweza kupata ni nyasi kavu, pumba na makombo ya ugali wa muhogo. Akala hivyo kwa kitambo, akapunguza, akaacha. Alijikunja pembeni mwa kikapu, manyoya yamesimama. Nikimgusa miguu analia kwa sauti ndogo. Nikimwekea chakula mdomoni anageuza uso.

Nilikaa nikafikiri kwa bidii, nikapata sababu. Nyumbani kwetu tulisema Chimakonde, na Ndugu alizoea Kiswahili cha Mwalimu. Bila shaka alikuwa haelewi kwamba anakaribishwa. Basi nikaanza kumsemesha kwa Kiswahili cha darasani. "Ndugu, tafadhali, karibu chakula. Ndugu, usione haya." Mama alipita na ndoo kichwani, akasimama, akaendelea na safari yake bila neno.

Mjomba hakuwa na ustaarabu huo.

"Jaribu Kiingereza," alisema. Alichuchumaa, akamnyanyua Ndugu kwa mkono mmoja, akampima uzito kama wanavyopima kuku. Uso wake ukaacha mzaha. "Somoe, huyu anakwenda. Na kila siku unayongoja, nyama inapungua."

"Si wa kuliwa, Mjomba. Ni wa Mama Mwalimu."

"Mama Mwalimu atakuta mifupa kwenye kikapu. Bora akute tumemstahi."

Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Baba yangu alikuwa Tanga kwenye mkonge, na hata angekuwepo, neno la mwisho lingekuwa la Mjomba. Nilimtazama Mama, naye akatazama chini. Mjomba alikuwa mgambo, na kesho yake zamu yake ilikuwa inaanza huko bondeni, kulinda njia za Ruvuma. Alisimama akajifuta mikono.

"Sina haraka," alisema. "Nikirudi nikamkuta anakula, atakula mpaka azeeke. Nikimkuta hivi, naandaa kijiti."

Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Kilichoniliza hakikuwa kijiti tu. Nilimwona Mama Mwalimu kitandani huko Ndanda akigeuza uso ukutani vilevile anavyougeuza Ndugu, na wauguzi hawajui kwa nini, na mimi najua.

Aliyenitoa kwenye kilio ni Bibi. Bibi yangu alikuwa wa zile enzi za wanawake wenye ndona, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu na chale usoni, na alikuwa hapendi kelele. Alinisikiliza kidogo, akanyoosha mguu wake mmoja mkekani.

"Nlete hapa ntoto wako," alisema.

Lazima niwaeleze jambo hili, maana siku hizi kuna chupa na vijiko vya kila aina. Zamani mtoto mchanga aliyekataa kunyonya, au aliyefiwa na mama, alinyweshwa kwa kiganja. Bibi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wakimbizi walipovuka mto na watoto walionyauka, yeye ndiye aliyeitwa. Alimlaza mtoto mapajani, akakunja kiganja chini ya mdomo wake, akamimina uji mwepesi humo, na kwa kidole akauongoza taratibu. Mtoto alinywa akitaka asitake. Nilikuwa nimeyaona hayo mara nyingi bila kuyatazama.

"Nkono wako nkavu," alinikemea. "Lowesha kwanza. Nguo ile nfunge, asirushe miguu. Sasa siyo katikati, utampalia. Pembeni, hapa penye pengo la meno. Tone moja. Ngoja. Amemeza huyo? Haya, lingine."

Nilimfunga Ndugu kwa kipande cha kanga ya Mama, kichwa tu nje. Uji wa kwanza ulimwagika wote kifuani. Wa pili vilevile.

"Usintazame machoni," Bibi alisema. "Ngonjwa akitazamwa anaona haya kula."

Nikatazama pembeni, kwenye ukuta wa udongo, na hapo ndipo nilipohisi koo lake dogo likipanda na kushuka dhidi ya kidole changu. Kumeza huko nakuhisi mpaka leo.

Basi ikawa kazi yangu. Wenzangu walicheza, mimi nilikuwa na mgonjwa. Nilipika uji mwenyewe kwenye kopo, nikaupoza kwa kuupuliza, nikamnywesha, nikamfuta, nikamlaza, nikaanza tena. Mama alinung'unika kuhusu unga, lakini kila nilipokwenda kuchota nilikuta umeongezwa kwenye kibuyu. Ndugu hakufa. Lakini hakupona pia. Alimeza nilichompa na hakutaka zaidi. Hakusimama, hakupiga filimbi, na ufizi wake ulikuwa mwekundu wenye vijidamu. Nikawa nawaza Mama Mwalimu naye yuko hivyohivyo, hafi na haponi, ananingoja mimi.

Wakati huo mikorosho ilianza kutoa mabibo ya kwanza. Nilikwenda shambani kuokota na Mama, kikapu cha Ndugu kichwani, kwa maana sikumwamini mtu abaki naye. Kiu ilipozidi nikakaa, nikamweka Ndugu mapajani ndani ya kanga yake, nikauma bibo jekundu lililoiva mpaka likapasuka lenyewe. Mnajua bibo. Maji yalinitiririka kidevuni, mkononi, yakadondoka kila mahali. Nikahisi kitu chenye unyevu kwenye kidole. Nilidhani ni siafu, nikataka kukung'uta. Alikuwa Ndugu. Alikuwa ametoa ulimi wake mdogo, ananilamba kidole, bila kulazimishwa, bila kubembelezwa kwa Kiswahili wala kwa lugha yoyote.

"Mama! Mama, anakula!"

Mama alikuja akikimbia, akidhani nyoka. Alipoona, akashika kiuno.

"Bibo? Litamkaba koo huyo! Hata watu wazima linawakereketa. Na kanga yangu, Somoe! Tazama kanga yangu!"

Nilikamua lingine juu ya kidole. Akalamba. Nikakamua lingine. Mama akachuchumaa. Baada ya muda akanyoosha mkono, akaokota bibo lililo laini kuliko mengine, akalifuta kwa upande wa kanga aliyovaa, akanipa.

"Kamua hili," alisema. "Hilo lako ni chachu."

Kuanzia hapo sikuhitaji uji sana. Asubuhi maji ya bibo, mchana maji ya bibo, jioni kipande chenyewe, kimepondwapondwa. Kanga yote ikageuka kahawia. Mimi mwenyewe nilinuka bibo mpaka nzi wakanichukulia kuwa tunda. Vile vijidamu kwenye ufizi vikakauka. Siku moja alisimama kwa miguu yote, akatembea hatua chache kwenye mkeka wa Bibi, akaanguka, akasimama tena. Bibi alimtazama akasema tu, "Ee," na mimi nikajiona nimefaulu mtihani wa darasa la saba.

Lakini filimbi yake ilikuwa haijarudi, na kwangu mpaka filimbi irudi alikuwa bado mgonjwa.

Ilirudi mahali pabaya. Mchana mmoja ngoma ya ofisi ya kijiji ililia kwa ule mpigo tunaoujua, na juu ya bonde tukasikia ndege. Watu waliacha michi kwenye vinu. Mama alimshika Bibi mkono, mimi nikanyakua kikapu, tukateremka handakini tukabanana na majirani, magoti kwa magoti, vumbi puani. Sauti ya ndege ilikuja, ikazunguka. Hakuna aliyepumua. Mtoto mmoja alitaka kulia, mama yake akamziba kwa titi. Katika kimya hicho mkono wangu uliingia kwenye mfuko wa gauni kujishika na kitu, ukagusa bibo nililoliweka humo asubuhi, jani nililolifungia likachakarika.

Fiiii! Fiiii! Fiiii!

Handaki zima liliruka. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye heshima zake, alijilaza kifudifudi. Mwanamke mmoja akanong'ona kwa hasira, "Nyamazisheni hiyo! Watatusikia!" kama vile rubani alikuwa na sikio la kusikia simbilisi. Ndugu hakujali. Alikuwa amesikia chakula, alikuwa na njaa, na alikuwa na nguvu za kuidai. Nilimpa lile bibo akalishika kwa meno yake mwenyewe, akalitafuna kwa kelele mbele ya kijiji chote. Ndege ilikwenda zake mbali. Aliyeanza kucheka ni Bibi, kicheko chake cha puani, kikashika wa pembeni yake, kikasambaa mpaka mwisho wa handaki. Watu walicheka machozi yakawatoka, nadhani si kwa ajili ya Ndugu peke yake. Mimi nililia. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, na kila mtu alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza maishani nilitaka wanitazame.

Mjomba alirudi siku chache baadaye. Nilimwona kwa mbali anapandisha njia, bunduki begani, koti la mgambo limefungwa mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa linachoma. Nikasimama mlangoni na kikapu. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno makubwa. Hakunipa nafasi. Alifika, akatufungulia lile koti, na kutoka kifuani mwake yakaanguka majani, fungu zima, mabichi, ya kijani kile ambacho hatukuwa tumekiona kwa kiangazi chote. Yalikuwa yamelala kwa joto la mwili wake.

Mama ndiye aliyeuliza.

"Ya nini haya, kaka?"

"Nilikatia mbuzi," Mjomba alisema.

"Hatuna mbuzi."

Mjomba akajishughulisha na kamba ya kiatu. Mama aliendelea kuyatazama yale majani, kisha uso wake ukabadilika. Kule bondeni kulikuwa na mabomu yaliyozikwa, na hata mbwa walikatazwa kuacha njia. Majani kama yale hayaoti njiani.

"Issa," alisema taratibu, "uliacha njia?"

"Anakula au hali?" Mjomba aliuliza, hakumjibu. Nilimweka Ndugu chini. Aliyakimbilia yale majani kwa filimbi, akayavamia, na Mjomba akachuchumaa akamwangalia anavyotafuna, kwa muda mrefu, macho yake mekundu ya vumbi. Mwisho akanigusa kichwani. "Haya," alisema. "Azeeke." Siku hiyo niliacha kumwogopa, na sijawahi kumpenda mtu mwingine kwa namna ile.

Mama Mwalimu alishuka kwenye basi mabibo yakiwa yamejaa chini ya kila mti. Amekonda, anatembea kwa uangalifu, na mgongoni kuna kichwa kidogo chenye kofia ya sufu, katika joto lile. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilipita katikati ya miguu yao na kikapu changu mpaka mbele yake, nikasema lile neno nililokuwa nimelitunza tangu aondoke.

"Shikamoo, Mama Mwalimu. Nimekuweka hai."

"Marahaba, Somoe." Alicheka kwa uchovu. "Umemweka hai Ndugu?"

"Na wewe."

Aliinama. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, alivyokataa kula, uji wa Bibi, mabibo, handaki, na kwamba nilijua nikimwacha Ndugu basi nimemwacha na Mama Mwalimu, kwa sababu mwenyewe alisema. Watu walianza kucheka. Yeye hakucheka. Alikaa chini palepale vumbini na nguo zake za safari.

"Kuna siku kule," alisema, anasema na mimi peke yangu, "wauguzi walisimama wengi kitandani kwangu. Nilisikia wanaitana."

"Siku gani?"

"Sikuwa na akili za kujua siku, mwanangu." Akaingiza mkono kikapuni, Ndugu akamlamba.

Baadaye nilisomea uuguzi, na nimefanya kazi hiyo mpaka kustaafu. Najua simbilisi akikosa vitu vibichi mwili wake unaoza taratibu kuanzia ufizi, na najua bibo lina dawa ya ugonjwa huo kuzidi chungwa. Najua pia kilichotokea Ndanda kilikuwa kazi ya wauguzi wale. Nimeyafundisha hayo kwa wengine. Lakini ukiniuliza bila kunipa muda wa kufikiri, nitakuambia niliponya wawili.

Jioni ile alikuja kwetu na Mwalimu, wakakaa mkekani, wakaomba jina. Kanisani mtoto atakuwa na lake, walisema, lakini nyumbani walitaka aitwe Somoe. Mama akasema hilo si lake kujibu, wakageuka kwa Mjomba. Mjomba alijikuna kidevu kwa raha ya mtu anayeombwa kitu.

"Chukueni," alisema. "Jina siyo nyama. Ukigawa halipungui."

Hivyo kukawa na Mama Somoe wawili kwenye mstari wetu. Bombani mtu akiita, waligeuka wote, na Mama yangu alikuwa akimwambia mwenzake, "Tangulia wewe, mimi nimelizoea." Nilipenda kuwa karibu jambo hilo likitokea. Nilikuwa nabuni sababu za kwenda bombani.

Walipohamishwa kurudi kwao, vita ng'ambo vilikuwa vimekwisha na tulikuwa tumesahau kulipalilia handaki. Mama Somoe alikaa dirishani kwenye basi, mtoto miguuni, kikapu mapajani, na ndani ya kikapu mzee mnene mwenye baka jeupe begani. Aliinua kifuniko kidogo ili nione.

"Si nilikuambia tutarudi pamoja?" alisema.

Huko Njombe leo kuna mwanamke mzima mwenye jina ambalo majirani zake hawalijui limetoka wapi. Akinipigia simu huniita somo, na akiulizwa jina lake ni la wapi husema ni la Newala, la mtu aliyemlisha simbilisi.

Haya yote nilimsimulia mjukuu wangu, yeye amekaa chini, kabati liko wazi. Nilipomaliza aliinuka. Alikikunja kile kipande cha kanga kwa pembe zake nne, akakirudisha juu ya vyeti vyangu vya uuguzi. Mimi sikumwambia akiweke hapo.